Kazi ya Mgonjwa: Presha, Sukari na Mamlaka ya Kujitunza Kitale na Bungoma



Hoja niliyo nayo leo ni moja, nami nitaisema mapema ili mpate nafasi ya kuipinga ninapoendelea. Mtu mwenye presha, kisukari, selimundu au ugonjwa wowote usioondoka ndiye anayefanya sehemu kubwa ya kazi ya kuutibu. Sehemu ya daktari ni ndogo, ingawa bila hiyo mengine yote hayawezekani. Ikiwa ndivyo, basi mgonjwa anastahili kupewa kile anachopewa mfanyakazi yeyote: maelezo ya kazi yenyewe, vifaa vya kuifanyia, na ruhusa ya kuamua mambo fulani papo hapo. Katika kaunti zetu mbili, Bungoma na Trans Nzoia, tumempa wajibu tukamnyima mamlaka. Tunamwambia apunguze chumvi, ameze vidonge kila siku, asikose kliniki. Hatumwambii presha yake inatakiwa ishuke hadi ngapi. Hatumpi cha kujipimia. Dawa tunampa za mwezi mmoja, zikiwapo. Kisha kipimo kikipanda tunaandika kwamba mgonjwa huyu hafuati masharti. Lawama hiyo naiona si ya haki, na zaidi ya hapo haijamponya mtu.

Tuanze na hali ilivyo. Mwaka 2015 ulifanywa uchunguzi wa nchi nzima kuhusu magonjwa yasiyoambukiza kwa watu wa umri wa miaka 18 hadi 69. Takriban mtu mmoja kati ya kila wanne alikuwa na presha ya juu. Asilimia 56 ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja maishani mwao, na kwa upande wa sukari wasiowahi kupimwa walikaribia asilimia 88. Miongoni mwa wenye presha, waliojua kwamba wanayo walikuwa asilimia 15.6 tu. Kati ya hao waliojua, asilimia 26.9 ndio waliokuwa wakitumia dawa, na kati ya waliotumia dawa nusu hivi ndio ambao presha yao ilikuwa imeshuka panapotakiwa. Chukueni watu 1,000 wenye presha: 156 wanajua, 42 wanameza dawa, 22 hivi wamedhibitiwa. Kwa kawaida takwimu hizi hutajwa ili kudai kwamba watu wapimwe zaidi, na dai hilo ni sahihi. Lakini mimi naomba tuitazame ile hatua ya pili. Watu 156 walikwisha kufika mbele ya mhudumu, wakafungwa mkanda wa mashine mkononi, wakaambiwa matokeo. Zaidi ya 110 kati yao hawako kwenye dawa. Kilichokatika kilikatika baada ya kutoka mlangoni, huko ambako tiba yenyewe hufanyika. Na kinachopotea si kidogo: uchambuzi mkubwa wa tafiti za dunia nzima, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2016, ulionyesha kwamba presha ya juu ikishuka kwa milimita 10 za zebaki, hatari ya kiharusi hupungua kwa zaidi ya robo.

Kiungo kati ya kliniki na nyumba, katika vituo vyetu vingi vya umma, ni daftari la shule. Mgonjwa hulinunua dukani kwa pesa zake, lile jembamba lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, na hulibeba amelikunja ndani ya leso au mfuko wa koti. Ukilifungua utaona tarehe, kisha 168/102, kisha jina la dawa lililokatizwa, kisha herufi mbili tatu zenye maana kwamba aendelee na dawa zile zile, tarehe ya kurudi, sahihi. Ukurasa unaofuata ni vivyo hivyo, na unaofuata huo pia. Mtu analibeba daftari hilo kwa miaka bila kuwamo hata mstari mmoja ulioandikwa kwa ajili yake. Mhudumu anamwandikia mhudumu mwenzake, na mwenye mwili amefanywa tarishi wa kupeleka barua asiyoweza kuisoma. Hakuna mahali palipoandikwa: shabaha yako ni chini ya 140 kwa 90, kidonge hiki ni cha presha, hiki ni cha sukari, ukisahau jana, leo usimeze viwili, mdomo ukipinda upande mmoja au mkono ukilegea ghafla, usingoje kupambazuke. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida zake, hatari zake na gharama zake, na afanye hivyo, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Silaumu kalamu ya muuguzi. Siku ya kliniki foleni humaliza benchi ikatoka nje hadi kwenye nyasi, na dakika zake kwa kila mtu ni chache. Uchache huo wa dakika ndio hasa unaofanya maandishi yahitajike, kwa kuwa yatabaki na mgonjwa siku 29 ambazo muuguzi hatakuwapo.

Na siku hizo 29 zina kazi gani? Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu wanaotoa ushauri mara nyingi huwa hawajaihesabu kazi hiyo. Trans Nzoia ni ghala la mahindi la nchi hii. Mbegu huingia ardhini Machi na Aprili, mavuno huanza karibu na Oktoba, na pesa ya maana huonekana mara moja kwa mwaka, tena ikiwa bei haikuanguka. Kliniki huja kila mwezi. Mtu wa Endebess au wa miteremko ya Kapsokwony hulazimika, mara 12 kwa mwaka, kupima nauli ya bodaboda na matatu dhidi ya mbolea, palizi, na karo ya Januari. Mwezi wa palizi akikosa kliniki, huwa amefanya uamuzi wa kiuchumi wenye akili kabisa, ila umegharimu dawa. Njooni kwenye chakula. Ushauri ni kupunguza chumvi, isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku kama Shirika la Afya Duniani linavyopendekeza. Lakini mboga za Bungoma, mrenda na kunde, hulainishwa kwa munyu, yale maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe, au kwa magadi. Magadi yana sodiamu ile ile inayolaumiwa kwenye chumvi. Munyu wa majivu una potasiamu nyingi, ambayo mtu mwenye figo nzima huitoa bila shida, lakini mwenye figo zilizochoka kwa kisukari cha miaka mingi inaweza kumdhuru moyo. Mama anayepika anaweza kutii ushauri wa chumvi kwa uaminifu wote na bado asiwe amegusa kinachoingia kwenye sufuria yake. Kisha ije Agosti ya mwaka wa shufwa, msimu wa tohara kwa Wabukusu, ambapo kwa wiki kadhaa mtu hula kwa jamaa, hulala kwa jamaa, na kukataa sahani ya mwenyeji ni jambo zito. Hakuna daktari atakayekuwa hapo kumwelekeza. Anayeweza kupanga vidonge vyake vya safari, kuchagua kinachoweza kuachwa kwenye sahani bila kuvunja heshima, na kupima presha Jumatatu aliporudi, ni yeye mwenyewe.

Sasa, je, kuna ushahidi kwamba watu wa kawaida wakipewa mamlaka hayo wanayaweza? Upo, na wa karibu. Wakati dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI zilipoanza kuenea magharibi mwa Kenya kupitia AMPATH, ule ushirika wa Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi pamoja na vyuo vya Amerika Kaskazini ulioanza mwaka 2001, kliniki zilifurika hadi zikashindwa. Katika kituo cha afya cha Mosoriot, kaunti ya Nandi, lilifanywa jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010. Wagonjwa 208 waliokuwa imara kwenye dawa waligawanywa. Kundi moja liliendelea kwenda kliniki kila mwezi. La pili lilikwenda kila baada ya miezi mitatu, na miezi ya katikati walitembelewa nyumbani na watu waliokuwa wenyewe wanaishi na virusi, waliofunzwa kuuliza, kupima na kutambua dalili za hatari. Baada ya mwaka mmoja, afya ya makundi hayo mawili haikutofautiana, ingawa la pili lilifika kliniki nusu ya mara za la kwanza. Waliofanya kazi hiyo hawakuwa madaktari wala wauguzi. Walikuwa wagonjwa. Nashangaa, na nasema hili kwa uchungu, kwamba somo lililopatikana karibu yetu hivyo, kwa ugonjwa ulioogopwa kuliko yote, halijahamishiwa kikamilifu kwenye presha na sukari, ambazo dawa zake za msingi ni za bei nafuu.

Mfano wa pili ni wa Dagahaley, mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab, nao ni wa insulini. Kanuni ya watengenezaji ni kwamba insulini ikae kwenye jokofu, na chupa ikishaanza kutumika isizidi nyuzi 25 au 30 za joto. Kwenye hema lisilo na umeme, kanuni hiyo ilimaanisha kwamba mwenye kisukari aende hospitalini kila siku kudungwa sindano, mwaka hadi mwaka. Madaktari Wasio na Mipaka, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva, waliichunguza insulini katika joto lile lile la nyumba za Dagahaley, linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, kwa muda wa wiki nne. Matokeo yaliyochapishwa Februari 2021 yalionyesha kwamba nguvu ya dawa ilikuwa karibu kabisa na ile ya dawa iliyokaa kwenye baridi. Watu waliokuwa wamefungwa kwenye lango la hospitali wangeweza kukaa na chupa zao nyumbani. Kwa Kitale, ambako hewa ni ya baridi kuliko Dadaab kwa kiasi kikubwa, jambo hili lina uzito wake. Lakini ninalolitilia mkazo ni hili: kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba kizuizi ni uwezo wa mgonjwa, kumbe kizuizi kilikuwa kanuni ambayo hakuna aliyeijaribu katika mazingira ya mgonjwa.

Wazo lenyewe la kumfundisha mgonjwa kujitunza halikuzaliwa jana. Daktari Elliott Joslin wa Boston alichapisha kitabu cha kuwafundisha wenye kisukari na madaktari wao mwaka 1918, kabla insulini haijagunduliwa. Chuo Kikuu cha Stanford, chini ya Kate Lorig, kilianza kuwafunza watu wenye yabisi, na baadaye magonjwa mengine ya kudumu, kwa warsha za wiki sita zinazoongozwa na wagonjwa wenyewe. Jaribio ninaloliona kuwa na nguvu zaidi kwa hoja yangu, hata hivyo, lilifanyika Uingereza, katika eneo la Birmingham, na kuchapishwa mwaka 2010. Watu 527 waliokuwa na presha isiyoshuka licha ya dawa waligawanywa. Nusu waliendelea na huduma ya kawaida. Nusu walipewa mashine ya kupimia nyumbani na mpango ulioandikwa na kukubaliwa na daktari wao mapema: presha ikizidi kiwango fulani miezi miwili mfululizo, ongeza dawa hii kwa kiasi hiki, bila kuja kuuliza. Baada ya miezi 12 presha ya waliojiamulia ilikuwa imeshuka kwa milimita 5.4 zaidi ya wenzao.

Sasa nije kwenye ushahidi unaonipa taabu, kwa maana mhadhara unaochagua matokeo mazuri peke yake hauwasaidii watu. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa AMPATH hapa magharibi mwa Kenya. Watu 2,890 wenye presha iliyopanda pamoja na sukari, au walio karibu na sukari, katika vituo 24, waliwekwa katika makundi manne: huduma ya kawaida, huduma ya kawaida pamoja na chama cha kuweka akiba na kukopeshana, kliniki ya kikundi, ambapo wagonjwa hukutana pamoja na mhudumu, na kliniki ya kikundi pamoja na chama. Mwishoni mwa mwaka presha ilikuwa imeshuka kwa milimita 11.4 katika huduma ya kawaida, na kwa 16.4 katika kundi lililopata vyote viwili, mengine mawili yakiwa hapo katikati. Ukisikia hivyo utapiga makofi. Lakini hesabu zilipofanywa kwa uangalifu, tofauti kati ya kila kundi na huduma ya kawaida ilikuwa milimita 2 hadi 4 tu, na haikuwezekana kusema kwa uhakika kwamba haikutokana na bahati. Anayepinga hoja yangu ana haki ya kuuliza: kama watu kukusanyika, kufundishana na kuweka akiba hakukuleta tofauti ya wazi, mamlaka ya mgonjwa yanafaa nini?

Jibu langu lina sehemu mbili. Ya kwanza ni kukiri kinachoonekana: milimita 11 za huduma ya kawaida ni nyingi, na zinatuambia kwamba kufuatwa, kupimwa na kupewa dawa ndio msingi. Atakayetaka kuwaacha wagonjwa watunzane vikundini ili zahanati ifungwe hatapata msaada kwenye utafiti huu. Ya pili ni kuuliza ni kitu gani hasa kilichohamishwa. Katika kliniki za vikundi wagonjwa walipata maarifa, mshikamano na pesa kidogo, nayo ni mambo mema. Uamuzi wa dozi ulibaki kwa mhudumu. Kule Birmingham uamuzi wenyewe ndio uliohamishwa, ukiwa umewekewa mipaka. Sidai kwamba hiyo ndiyo sababu pekee ya tofauti ya matokeo. Birmingham si Bungoma: kule dawa haziishi kwenye kabati. Ninachodai ni kwamba hapa kwetu bado hatujajaribu kwa dhati kumkabidhi mgonjwa uamuzi, na hivyo hatuwezi kusema jambo hilo limeshindikana.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote linatoka kwa watu wa haki za umma. Wanasema: mazungumzo haya ya mgonjwa kujisimamia ni njia ya serikali kuusukuma mzigo wake mabegani mwa maskini. Katiba ya 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na Jedwali la Nne limekabidhi vituo vya afya vya kaunti kwa serikali za kaunti. Mbona basi mama wa Bumula aambiwe ajitunze? Nakubaliana nao katika jambo moja zito: bidii ya mgonjwa haiwezi kuzaa dawa mahali zisipokuwapo. AMPATH yenyewe ililigundua hilo, ikaanzisha kuanzia mwaka 2011 maduka ya dawa ya mfuko wa mzunguko, ambapo kinachouzwa leo kwa bei nafuu hununua shehena ya kesho, na upatikanaji wa dawa za msingi katika vituo hivyo ukapanda kutoka chini ya asilimia 40 hadi zaidi ya 90. Lakini sioni kwamba haki na mamlaka vinagombana. Tazameni mgomo wa madaktari uliodumu siku 100 hadi Machi 2017, na wa wauguzi uliofuata mwaka huo huo kwa takriban miezi mitano. Mtu ambaye tiba yake yote ilikuwa nyuma ya kaunta ya hospitali, pamoja na kipimo chake, maelezo yake na vidonge vyake, alibaki mikono mitupu. Aliyekuwa na dawa za miezi mitatu nyumbani, aliyejua shabaha yake, aliyejua pa kupimwa, alikuwa na kinga fulani. Mzigo husukumwa pale mtu anapoachiwa kazi bila vifaa. Hapa vifaa ndivyo ninavyovidai kwanza.

Wengine watasema kwamba watu wetu hawana elimu ya kuamua mambo ya dozi. Pingamizi hili huwa linatolewa kwa sauti ya huruma, nami naliona kuwa ni dharau. Mkulima wa Kiminini anayechagua mbegu kwa kimo cha shamba lake na urefu wa mvua, akagawa mbolea ya kupandia na ya kukuzia kwa wiki, akajua ni siku ngapi mahindi yakauke kabla ya kuyapeleka kwenye ghala yasikataliwe kwa unyevu, anafanya hesabu ngumu kuliko ile ya vidonge viwili vya presha. Kama hilo halitoshi, kuna ushahidi wa Jamaica, nao unagusa Bungoma moja kwa moja kwa sababu ukanda wetu wa malaria ndio pia ukanda wa selimundu, ule ugonjwa ambao wengi huuita siko seli. Kwa mtoto mwenye selimundu, wengu unaweza kuvimba ghafla na kufyonza damu nyingi mwilini, na mtoto akafa kwa saa chache. Kina mama wa Jamaica, wengi wao watu wa kipato cha chini, walifundishwa kulipapasa tumbo la mtoto chini ya mbavu za kushoto, kuujua ukubwa wa kawaida wa wengu, na kukimbia hospitali mara ukizidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1985 yalionyesha kwamba vifo vilishuka kutoka karibu 29 katika kila matukio 100 hadi karibu 3. Hakikununuliwa chombo chochote cha gharama. Kilichobadilika ni kwamba vidole vya mama vilikubaliwa kuwa kipimo halali cha kitabibu.

Na hatari je? Hatari ipo. Mtu anaweza kujipunguzia dawa kwa sababu leo hasikii kizunguzungu, akameza mitishamba juu ya vidonge, au akatupa chupa ya dawa baada ya mkutano wa maombi. Lakini mambo haya yanafanyika sasa hivi, chini ya utaratibu ambao haumpi mgonjwa mamlaka yoyote. Anayeogopa kukemewa hufanya kimya kimya, akifika kliniki anasema anameza vizuri, na tabibu anaongeza dozi ya dawa ambayo hailiwi. Siku atakayoileta nyumbani hiyo dozi kubwa na kuimeza yote, ndiyo siku ya kuanguka. Kumpa mtu mpango ulioandikwa, wenye mipaka, na kumwuliza bila hasira ni nini kingine anachotumia, hupunguza siri hiyo. Mgonjwa anayeomba na anayepima anaweza kuwa mtu mmoja, na mashine haimwondolei imani yake. Wapo pia wagonjwa wasiotaka uamuzi wowote, waliochoka, au wazee wanaosahau. Hao wana haki ya kubebwa, na mamlaka yanaweza kukaa kwa binti au mjukuu wanayemwamini. Nisingependa mtu yeyote alazimishwe kuwa shujaa wa ugonjwa wake.

Vifaa vya kuanzia viko karibu kuliko tunavyodhani. Mwezi Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchini, wenye mikoba ambamo mna mashine ya kupima presha na mita ya sukari. Mashine hiyo ikifika nyumbani na kuondoka bila mwenye nyumba kufundishwa kuisoma, itakuwa imetumika nusu. Afundishwe kukaa dakika tano kabla ya kupimwa, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kibofu kikiwa kitupu. Aandike namba mwenyewe. Dawa zitolewe za miezi mitatu kwa walio imara, kama inavyofanyika tayari kwa wanaotumia dawa za virusi. Na vipande vya kupimia sukari viingizwe kwenye orodha ya manunuzi, kwa maana mita bila vipande ni plastiki tu. Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya hospitali, mnamo Oktoba 2024 imewataka watu wajisajili, na ni vizuri wajisajili. Lakini mtu aliyesajiliwa akakuta kabati tupu yuko pale pale alipokuwa.

Kabati hiyo hujazwa au huachwa tupu kwa uamuzi wa bajeti, na hapo napo mgonjwa ana kazi. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, kwa ajili ya mwaka wa fedha unaoanza 1 Julai, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Katika vikao hivyo barabara huwa na wasemaji, maji yana wasemaji, masoko yana wasemaji. Wenye presha na sukari huwa nyumbani, kila mmoja na daftari lake. Kikundi cha watu 20 cha Chwele au cha Kapsara, ambacho kila mwezi kimeandika ni dawa gani ilikosekana kituoni, kwa siku ngapi, na wangapi walilazimika kununua nje kwa bei gani, kina takwimu ambazo afisi ya afya ya kaunti yenyewe inazihitaji na mara nyingi hazipati kwa wakati. Kiende nazo Bungoma au Kitale mapema mwakani, kabla makadirio hayajafungwa, kikitaja dawa kwa majina yake, amlodipini, losartani, metformini, insulini, na idadi ya watu wanaozihitaji katika wadi yao.